Mholanzi aliyeacha kuhesabu miezi

Usiku mmoja wa mwezi wa Oktoba mwaka wa 2025, nilisimama pamoja na wanafunzi ishirini hivi katika uwanja wa shule moja ya upili kaunti ya Bomet, tukiingojea mbingu itufungukie. Wanaolijua eneo hili la majani chai, kutoka Kericho hadi Bomet, hawatashangaa nikisema kwamba tulikuwa tumekwisha kungoja jioni tatu bila ya kuambulia kitu. Huku kwetu jua hung'aa asubuhi, lakini ifikapo alasiri mawingu hujikusanya juu ya msitu wa Mau na mvua ikashuka, na mara nyingine mvua hiyo huwa ya mawe, ikayachanachana majani machanga ambayo mkulima aliyatarajia kuyapeleka kituoni kesho yake. Jioni ya nne mawingu yalipasuka. Nikaielekeza darubini yangu ndogo upande wa mashariki, kwenye sayari ya Zohali, na wanafunzi wakapanga foleni.

Badala ya pete nene waliyoizoea katika michoro ya vitabu vyao, waliona kijistari chembamba kilichopita katikati ya sayari, kwa kuwa mwaka huo pete za Zohali zilikuwa zimetugeuzia ubavu. Kando ya sayari palikuwa na kitone cha nuru. Nikawaeleza kwamba kitone kile ni Titan, mwezi mkubwa kuliko miezi yote ya Zohali. Msichana mmoja wa kidato cha pili alikaa kwenye darubini muda mrefu kuliko wenzake, kisha akaniuliza kama katika kitone kile pana kitu chochote kilicho hai.

Swali hilo niliwahi kuulizwa zamani, nami nikalijibu vibaya. Mwanzoni mwa miaka ya tisini, nikiwa mwalimu mchanga, mvulana mmoja ambaye wazazi wake walikuwa wachumaji wa majani chai aliniuliza kama miezi ya sayari nyingine yaweza kuwa na uhai. Nilimjibu mbele ya darasa zima kwamba jambo hilo haliwezekani kamwe. Uhai hutegemea jua, nikasema, na miezi hiyo iko mbali mno na jua, basi tuendelee na somo. Darasa likacheka, nami sikulikanya. Tangu siku hiyo hadi alipomaliza kidato cha nne, mvulana yule hakuniuliza swali jingine. Wala mimi sikuwa na habari kwamba mwaka wa 1977, karibu na visiwa vya Galápagos, wataalamu waliozama baharini walikuwa wamekuta jamii nzima ya viumbe katika kiza ambacho mwale wa jua haufiki, wakiishi kwa kemikali zinazotoka katika chemchemi za moto za sakafu ya bahari. Hapana mwalimu ajuaye yote, na kutojua kwangu hakunisumbui sana. Ninalojutia ni kuufunga mlango ambao ufunguo wake sikuwa nao.

Ndiyo sababu leo, msomaji mpendwa, nimeamua kukusimulia maisha ya mtu aliyekitambua kitone kile kabla ya binadamu mwingine yeyote. Alikuwa miongoni mwa wanasayansi hodari wa karne yake, na yeye pia aliwahi kuufunga mlango kama nilivyoufunga mimi. Tofauti ni kwamba yeye alirudi akaufungua. Jina lake ni Christiaan Huygens.

Huygens alizaliwa tarehe 14 Aprili 1629 mjini The Hague, Uholanzi, katika nyumba ya watu wenye elimu na cheo. Baba yake, Constantijn, alikuwa mshairi, mwanamuziki na mwanadiplomasia aliyewatumikia watawala wa ukoo wa Orange, na miongoni mwa watu waliojuana naye alikuwamo mwanafalsafa mashuhuri René Descartes. Mama yake alifariki mwaka wa 1637, Christiaan akiwa na umri wa miaka minane. Watoto walifundishwa nyumbani lugha, muziki na hesabu, na kijana huyu alionekana mapema kuwa na mikono isiyotulia, kwani alipenda kujitengenezea mifano ya mashine. Mwaka wa 1645 alipelekwa katika chuo kikuu cha Leiden kusoma sheria na hesabu, kisha akaendelea huko Breda. Baba alitumaini kwamba mwanawe angemrithi katika kazi ya ubalozi. Mwana alirudi nyumbani akajifungia na hesabu zake, na kwa bahati njema mzee hakumzuia. Riziki ya nyumbani ilimtosha, naye akapata kitu ambacho wanasayansi wengi wa Afrika Mashariki hawakijui hata leo, yaani miaka mingi ya kufanya utafiti bila ya kuhangaikia mkate wa kesho.

Darubini ilikuwa chombo kipya bado. Mwitaliano Galileo Galilei aliielekeza mbinguni kuanzia mwaka wa 1609, na Januari 1610 akaiona miezi minne ikiizunguka sayari ya Mshtarii. Mwaka huo huo aliitazama Zohali akaona maajabu yaliyomshinda kuyaeleza: sayari ilionekana kama mwili mmoja mkubwa wenye miwili midogo ubavuni. Mwaka wa 1612 miili hiyo midogo ilitoweka, kisha baadaye ikarejea. Kwa zaidi ya miaka arobaini wataalamu wa Ulaya walilitazama fumbo hilo bila ya kulifumbua.

Huygens na kaka yake, aliyeitwa Constantijn kama baba yao, walitambua kwamba kasoro kubwa ilikuwa katika lenzi. Vioo vya siku hizo vilijaa mapovu na mawimbi. Ndugu hao wawili wakaamua kuzisaga lenzi wao wenyewe, wakikisugua kioo kwenye sahani ya chuma iliyopinda mpaka kipate umbo lililokusudiwa, kisha wakikisafisha hadi king'ae. Ni kazi ya saa nyingi, na mkono ukiteleza kidogo juhudi yote imekwenda na maji. Kutokana na kazi hiyo walipata darubini iliyokuza mambo kiasi cha mara hamsini.

Tarehe 25 Machi 1655, Huygens akiwa hajatimiza miaka 26, aliielekeza darubini hiyo kwenye Zohali akaona kinyota karibu yake. Hapa ningependa wanafunzi watue kidogo. Kuona kinyota karibu na sayari si jambo kubwa, kwani mbingu imejaa vinyota. Kazi ilikuwa kuthibitisha kwamba hiki kilikuwa mali ya Zohali. Alikitazama usiku baada ya usiku na kuandika mahali kilipokuwa. Nyota za kawaida zilibaki nyuma Zohali ilipokuwa ikisonga katika anga, lakini kinyota hiki kilikwenda pamoja nayo, mara upande huu, mara upande ule, na kila baada ya siku zipatazo 16 kilirejea pale kilipoanzia. Hapo ndipo alipokuwa na haki ya kukiita mwezi. Hakukipa jina. Jina la Titan lilipendekezwa na Mwingereza John Herschel mwaka wa 1847, karibu karne mbili baadaye.

Kutoka hapo akaligeukia fumbo la Galileo. Akapata kwamba Zohali imezungukwa na pete nyembamba, bapa, isiyoigusa sayari mahali popote, nayo imeinama. Kwa kuwa Zohali huchukua takribani miaka 29 na nusu kulizunguka jua, sisi huiona pete hiyo kwa pembe zinazobadilika, na kila baada ya miaka kumi na mitano hivi hutugeuzia ubavu ikawa kama imetoweka. Ndiyo hali iliyompata Galileo mwaka wa 1612, na ndiyo waliyoiona wanafunzi wangu uwanjani Bomet. Maelezo kamili Huygens aliyachapisha mwaka wa 1659 katika kitabu chake kuhusu mfumo wa Zohali.

Kati ya kazi hizo mbili alifanya jambo jingine ambalo lingetosha peke yake kulihifadhi jina lake. Mwaka wa 1656 alibuni saa inayoongozwa na pendulamu, yaani kitonyo kinachoning'inia na kubembea kwa mpigo ulio sawa. Saa za kabla ya hapo zilikuwa zikikosea kiasi cha robo saa kila siku. Saa yake ilipunguza kosa hilo likawa sekunde chache. Sisi tuliokulia karibu na viwanda vya majani chai, ambako king'ora huwaamsha watu kabla ya mapambazuko na siku nzima hukatwa vipande kwa saa, tuna deni kwa Mholanzi huyu, ingawa sina hakika kama wachumaji wote wangemshukuru.

Sasa nifike penye kosa. Katika kitabu kile kile cha mwaka wa 1659, Huygens alipiga hesabu ya familia ya jua. Sayari zilizojulikana zilikuwa sita: Utaridi, Zuhura, Dunia, Mirihi, Mshtarii na Zohali. Miezi nayo, kwa kuuongeza ule alioutambua yeye, ilikuwa sita: mmoja wa Dunia, minne ya Mshtarii na mmoja wa Zohali. Sita kwa sita ni kumi na mbili. Hesabu hiyo ilimpendeza mno. Aliiona kuwa timilifu, kana kwamba Muumba mwenyewe ameitia muhuri, akatangaza kwamba jumla imekamilika. Darubini alizozitengeneza baada ya ile ya mwaka wa 1655 zilikuwa na nguvu zaidi, lakini yeye hakuona haja ya kutafuta miezi mingine. Mtu aliyemshinda Galileo kwa subira ya kutazama aliacha kutazama kwa sababu ya uzuri wa namba.

Mwaka wa 1666 alihamia Paris, akiwa mmoja wa vigogo wa Akademia ya Sayansi iliyoanzishwa huko mwaka huo chini ya Mfalme Louis wa Kumi na Nne. Miaka mitatu baadaye akafika Mwitaliano Giovanni Domenico Cassini. Cassini hakuwa na mapenzi yoyote na namba kumi na mbili. Mwaka wa 1671 akautambua mwezi mwingine wa Zohali, unaoitwa Iapetus. Mwaka wa 1672 akautambua Rhea. Na mwaka wa 1684 akaongeza miwili zaidi, Tethys na Dione. Mlango alioufunga Huygens ulifunguliwa na mwenzake wa Akademia ile ile. Kufikia mwaka wa 2025 idadi ya miezi ya Zohali iliyotambuliwa ilikuwa imefika 274.

Mwenzangu mwalimu, jiulize wewe ungefanya nini. Wapo wasomi ambao wangetumia umri wao uliobaki kumpiga vita Cassini, au kudai kwamba miezi yake ni vivuli tu. Huygens hakufanya hivyo. Aliyakubali yaliyoonekana. Kwa muda huo alikuwa akisumbuliwa na maradhi yaliyomrudisha nyumbani Uholanzi mara kwa mara, na mwaka wa 1681 aliondoka Paris asirejee tena. Mlinzi wake serikalini, waziri Colbert, alifariki mwaka wa 1683; na mwaka wa 1685 mfalme aliifuta amri iliyowapa Waprotestanti haki ya kuabudu, hivyo Mprotestanti wa Uholanzi hakuwa na nafasi tena katika mji ule. Hakuwahi kuoa. Baba yake alifariki mwaka wa 1687 akiwa mzee wa miaka 90. Mwaka wa 1689 Huygens alikwenda London akaonana na Isaac Newton, na mwaka wa 1690 akachapisha kitabu chake kuhusu nuru, ambamo alieleza kwamba nuru husafiri kama mawimbi. Kila mwanafunzi wa fizikia aliyechora mawimbi yakipinda amepita katika kivuli chake.

Katika miaka yake ya mwisho, mgonjwa na mpweke, aliandika kitabu cha pekee kabisa. Kinaitwa Cosmotheoros, na humo aliligusa swali lile lile la msichana wa Bomet: je, yako maisha mahali pengine? Aliianza kazi hiyo kwa kutahadharisha kwamba mambo hayo hayawezi kuthibitishwa kama hesabu. Yeye alitoa makisio tu, na msomaji alikuwa huru kuyapima. Hoja yake ilikuwa rahisi. Dunia ni sayari miongoni mwa sayari. Ikiwa Dunia ina maji, mimea, wanyama na watu wenye akili, kwa nini zile nyingine zisiwe na vya kwao? Akafikiri pia kwamba maji ya namna yetu yangeganda kule Mshtarii na Zohali kwa sababu ya baridi, basi lazima kila sayari iwe na kimiminiko chake kinachoifaa. Akaendelea hata kuwawazia mabaharia wa Mshtarii wakiongozwa na miezi yao minne. Sehemu hiyo ya mwisho leo inatuchekesha, lakini tusicheke kwa haraka, maana jambo la kimiminiko tutalirudia.

Kuhusu miezi alikuwa na shaka zaidi. Mwezi wetu, alivyouona katika darubini, hauna bahari wala mito wala mawingu wala hewa, na miezi ya Mshtarii na Zohali alielekea kuihesabu kuwa ya tabia moja na huu wetu. Hapo tena alihukumu wengi kwa ushahidi wa mmoja, kama mgeni aliyeonja majani ya shamba moja akadhani ameijua chai ya Kericho yote.

Hata hivyo, katika kitabu hicho hicho liko jambo dogo linalonifanya nimpende mzee huyu. Aliihesabu miezi yote mitano ya Zohali iliyojulikana, minne ya Cassini pamoja na ule wake. Kisha akagundua kwamba nafasi iliyo kati ya mwezi wa nne, yaani wake mwenyewe, na wa tano ni kubwa kupita kiasi. Akasema kwamba yawezekana upo wa sita unaojificha humo, au hata mingine mbali zaidi ya wa tano. Mtu aliyetangaza kwamba hesabu imekwisha alikuwa ameifungua tena kwa mkono wake mwenyewe, tena akaelekeza mahali pa kutafuta. Mwaka wa 1848 wataalamu wa Marekani na Uingereza waliupata mwezi unaoitwa Hyperion. Uko papo hapo, kati ya Titan na Iapetus.

Huygens alifariki tarehe 8 Julai 1695, na kitabu hicho kikatoka mwaka wa 1698. Maisha yake yaliishia hapo, lakini habari ya kitone chake haikuishia hapo.

Mwaka wa 1944 Gerard Kuiper, mzaliwa wa Uholanzi aliyefanya kazi Marekani, alithibitisha kwamba Titan ina hewa yenye methani. Mwezi huo haufanani hata kidogo na Mwezi wetu mkavu. Oktoba 1997 kilirushwa chombo kilichopewa jina la Cassini, kikiwa kimebeba mgongoni chombo kidogo kilichopewa jina la Huygens, na hivyo wale wenzake wawili wa Paris wakasafiri pamoja miaka saba hadi Zohali. Tarehe 14 Januari 2005 chombo cha Huygens kilishuka kwa miavuli katika hewa nzito ya Titan kwa muda wa saa mbili na nusu, kikatua salama, kikaendelea kutuma habari kwa zaidi ya saa moja. Picha zake zilionyesha mikondo iliyochimbwa na kimiminiko na mawe ya barafu yaliyolainishwa kingo kama kokoto za mtoni. Huko baridi hufika nyuzi 179 chini ya sifuri, na maji ni mwamba. Mvua inayonyesha ni ya methani, ambayo hutiririka na kujikusanya katika maziwa karibu na ncha za mwezi huo. Mzee alikosea kuhusu miezi, lakini kisio lake kwamba ulimwengu wa baridi ungehitaji kimiminiko chake chenyewe limetokea kweli mahali asipolitarajia: katika kitone chake mwenyewe.

Ajabu zaidi ni mwezi mwingine wa Zohali, Enceladus, wenye upana wa kilomita 500 tu. Mwaka wa 2005 chombo cha Cassini kilikuta mvuke na chembe za barafu zikifoka kutoka katika nyufa za ncha yake ya kusini. Chini ya ganda la barafu iko bahari. Joto linaloizuia isigande hutokana na mvuto wa Zohali, unaouminya na kuuachia mwezi huo unapozunguka, kama unga wa chapati unavyopata joto mikononi mwa mpishi. Katika mvuke na chembe hizo zimepatikana chumvi ya kawaida, kemikali za kaboni, haidrojeni ambayo iliripotiwa mwaka wa 2017, na fosfati zilizoripotiwa mwaka wa 2023. Na pamoja na chumvi hiyo imo magadi.

Naam, magadi, jamii ile ile ya chumvi tunayotia katika mboga. Hapa swali la mbinguni linatua jirani na sisi. Mtu akitoka Kericho akapita Nakuru na kushuka Bonde la Ufa hadi ziwa Bogoria, atakuta maji ya magadi ambayo kipimo chake cha pH hupita 10, na chemchemi zinazochemka kando yake. Kwa macho ya haraka ni mahali pa mauti. Kumbe maji hayo yamejaa viumbe vidogo visivyoonekana kwa macho, vinavyositawi katika magadi, na mamia ya maelfu ya korongo wa rangi ya waridi wamewahi kuja kujilisha humo. Kusini zaidi, katika ziwa Magadi lenyewe, wanasayansi wametenga bakteria na jamaa zake ambazo haziwezi kuishi katika maji matamu tunayokunywa sisi. Hivyo mtu anayetaka kujua kama maji ya Enceladus yaweza kubeba uhai hana budi kuyasoma kwanza maji ya aina hii, nasi tunayo mlangoni.

Lakini tuwe waangalifu, maana kuona magadi jikoni si ushahidi kwamba mboga zimo chunguni. Hadi leo hapajapatikana kiumbe hata kimoja nje ya Dunia, wala Titan, wala Enceladus, wala Europa, ule mwezi wa Mshtarii ambao pia una bahari chini ya barafu. Kilichopatikana ni mahali penye maji, joto na kemikali ambazo uhai tunaoujua huzihitaji. Chombo kinachoelekea Europa kilirushwa tarehe 14 Oktoba 2024 na kinatarajiwa kufika mwaka wa 2030. Kingine kimepangwa kwenda Titan, kikiruka kama helikopta katika hewa ile nzito. Inafaa pia kukumbuka kwamba Septemba 2017, chombo cha Cassini kilipokaribia kuishiwa na mafuta, wataalamu walikiangamiza makusudi ndani ya Zohali ili kisije kikaanguka Enceladus au Titan kikiwa na vijidudu vya Dunia. Hawakujua kama kuna uhai huko, na kwa kuwa hawakujua, walipaheshimu.

Basi nilimjibuje msichana yule? Nilimwambia kwamba hatujui. Kisha nikamweleza kwa nini hatujui, tunalo nini mkononi, na ni kitu gani kikionekana kitatufanya tujue. Maelezo hayo yalichukua zaidi ya nusu saa, mawingu yakarudi tukiwa bado tunazungumza, na darubini ikalowa. Jibu la namna hiyo ni gumu kulitoa kuliko la ndiyo au la. Halitoshei katika nafasi ya alama mbili kwenye karatasi ya mtihani, na mwalimu anayekimbizana na mtaala ana sababu nyingi za kulikwepa. Nami nazijua sababu hizo, kwa kuwa nilizitumia.

Yule mvulana wa miaka ya tisini nilimkuta tena miaka michache iliyopita, katika kituo cha kununulia majani, akingoja gunia lake lipimwe. Ni mkulima sasa, baba wa watoto watatu. Nikamweleza habari za Titan na Enceladus, na kwamba siku ile nilikosea. Alinisikiliza kwa adabu. Jibu langu alikuwa amelisahau kabisa. Alichokikumbuka ni kicheko cha darasa. Kisha akaniuliza, kana kwamba miaka yote ile haikupita, kama mvua ya methani nayo huweza kuwa ya mawe.

Sikujua. Nikamwambia hivyo, na nikamwahidi kulitafuta jibu.